Vikoa vya protini: nani kamshika nani ndani ya seli, na saratani inaanzia wapi

Ripoti ya vipimo vya jeni vya uvimbe huandikwa kwa mkato: BRAF V600E, PIK3CA E545K, AKT1 E17K. Herufi ya kwanza ni asidi amino iliyokuwepo, namba ni nafasi yake katika mnyororo wa protini, na herufi ya mwisho ni asidi amino iliyoingia badala yake. Katika mamia ya asidi amino imebadilika moja tu, na seli ikaanza kugawanyika bila kuambiwa. Jina la jeni peke yake halielezi kwa nini. Mutesheni (mabadiliko ya jeni) mbili za jeni moja zinaweza kuichochea protini kwa njia mbili tofauti kabisa, na ya tatu ikaiua. Anayetaka kuelewa inambidi aulize maswali mawili: namba hiyo inaangukia kwenye kikoa gani, na kikoa hicho kilikuwa kimeshika nini?

Kikoa ni kipande cha protini kinachojikunja chenyewe na kupata umbo lake kamili hata kikitengwa na sehemu nyingine za protini hiyo. Protini zinazopeleka ishara ndani ya seli zimeundwa kwa vipande vya namna hii, vilivyounganishwa kwa nyuzi zinazopindika. Baadhi ya vikoa hufanya kazi ya kikemia. Kikoa cha kinasi, chenye asidi amino 250 hadi 300, huchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuipachika kwenye asidi amino za tairosini, serini au threonini za protini nyingine. Kikoa cha fosfatasi huing'oa. Vingine havifanyi kemia yoyote, kazi yao ni kushika tu. SH2, wenye asidi amino kama 100, hushika tairosini iliyopachikwa fosfeti. SH3, wenye asidi amino kama 60, hushika vipande vyenye prolini nyingi. PH hushika lipidi (mafuta) za utando wa seli. Vikoa hivi vinavyoshika ndivyo vinavyoamua kinasi itakuwa wapi, itamgusa nani na kwa muda gani. Kwa maoni yetu vimepuuzwa mno katika maelezo ya saratani, ambayo kwa kawaida huzungumzia vimeng'enya kana kwamba vinaelea peke yake kwenye maji.

Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na 90 kati ya hizo hulenga tairosini. Fosfeti zilizo kwenye tairosini ni sehemu ndogo sana ya fosfeti zote zilizopachikwa kwenye protini za seli, asilimia moja au mbili hivi. Zilizobaki ziko kwenye serini na threonini. Lakini vipokezi vingi vya vichocheo vya ukuaji, yaani protini za kwenye utando zinazopokea ishara kutoka nje ya seli, huanza kazi kwa tairosini, na ndiyo maana hitilafu hapo huwa na madhara makubwa kuliko idadi yake.

Mshiko dhaifu wa makusudi

SH2 ilitambuliwa mwaka 1986 na Tony Pawson na wenzake nchini Kanada, walipokuwa wakichunguza v-Fps, protini ya saratani inayotokana na kirusi cha ndege. Waliona kwamba kuna sehemu iliyo nje ya kikoa cha kinasi ambayo ikiharibiwa, protini hupoteza uwezo wake wa kugeuza seli kuwa ya saratani. Leo tunajua kuna takriban SH2 120 katika protini 110 hivi za binadamu.

Umbo lake linaeleza kazi yake. Kuna mfuko mmoja wenye kina, na chini kabisa ya mfuko huo imekaa arginini inayopatikana karibu katika kila SH2. Chaji yake chanya hushikana na chaji hasi za fosfeti. Kina cha mfuko kinalingana na urefu wa tairosini. Serini na threonini ni fupi mno, kwa hiyo fosfeti zao haziifikii arginini. Pembeni mwa mfuko kuna uso wa pili unaosoma asidi amino zinazofuata baada ya tairosini, na hapo ndipo SH2 zinapotofautiana. SH2 ya Src hupenda glutamati mbili kisha isoleusini katika nafasi ya tatu. Zile za p85, mwenzi wa kinasi ya lipidi PI3K, hutaka methionini katika nafasi ya tatu. Grb2 hudai asparagini katika nafasi ya pili, kwa sababu triptofani yake ya 121 imeziba njia iliyonyooka na kulazimisha kipande kinachoshikwa kipinde kona.

Mshiko wenyewe hauna nguvu sana. Kwa kawaida nusu ya SH2 huwa imeshika pale kiambata, yaani kipande kinachoshikwa, kinapofikia mikromola 0.1 hadi 1, na mshiko mmoja hudumu sekunde chache au chini ya hapo. Msomaji anaweza kudhani huu ni upungufu ambao maumbile yalishindwa kuurekebisha. Sivyo. Mwaka 2012 watafiti walitengeneza SH2 ya Fyn yenye mutesheni tatu kwenye mfuko wa fosfeti, ikashika kwa nguvu kubwa kuliko ya asili. Ilipowekwa ndani ya seli haikuimarisha ishara ya EGFR, kipokezi kimojawapo cha vichocheo vya ukuaji, bali iliikata: iliziganda tairosini zenye fosfeti, protini nyingine zikakosa nafasi ya kushika. Ishara inahitaji mshiko unaoachia. Fosfeti ikiachwa wazi kwa muda mfupi, fosfatasi huiona na kuing'oa, na seli hujua kwamba kichocheo kimekwisha.

Src, kinasi inayojifunga yenyewe

Mwaka 1911 Peyton Rous aliripoti kwamba uvimbe wa kuku unaweza kuhamishwa kwa kimiminika kilichochujwa kisibaki na seli hata moja. Kirusi kilichokuwa ndani yake kilibeba jeni src. Mwaka 1976 kundi la Michael Bishop na Harold Varmus lilionyesha kwamba jeni hiyo asili yake ni ya ndege mwenyewe. Kirusi kiliichukua kutoka kwenye seli. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Kwa hiyo swali likawa: kama kila seli ya kuku ina Src, kwa nini kuku wote hawana saratani?

Jibu kamili lilionekana mwaka 1997, miundo ya Src na ndugu yake Hck ilipochorwa kwa miale ya eksirei. Ukianzia mwanzo wa mnyororo, Src ina SH3, kisha SH2, kisha uzi wa kuunganisha, kisha kinasi, halafu mkia mfupi wenye tairosini ya 527. Kinasi nyingine iitwayo Csk hupachika fosfeti kwenye tairosini hiyo, na SH2 ya Src huukamata mkia wa Src yenyewe. Wakati huohuo SH3 huushika ule uzi ulio kati ya SH2 na kinasi. Vikoa vyote viwili vinakuwa vimekaa mgongoni mwa kinasi na kuibana kama komeo linaloshikilia mlango kwa ndani. Sehemu zake za kikemia zinapinda na kukosa mpangilio unaohitajika kupachika fosfeti.

Jambo la kuvutia liko kwenye mkia. Baada ya tairosini ya 527 hakuna glutamati mbili na isoleusini, bali glutamini, prolini na glisini. Yaani SH2 ya Src imepewa kiambata isichokipenda sana, na ule uzi unaoshikwa na SH3 nao una prolini chache kuliko kawaida. Mishiko miwili dhaifu kwa pamoja inatosha kuifunga kinasi, lakini protini nyingine ikija na kiambata bora zaidi, inaifungua. FAK, kinasi inayofanya kazi pale seli inaposhika ardhi yake, hufanya hivyo kwa tairosini yake ya 397. Ukibadilisha mkia wa Src uwe na kiambata bora, kufuli hukaza na Src hufunguka kwa shida.

Src ya kirusi haina mkia huo. SH2 haina cha kukamata, kinasi inabaki wazi, kisha inajipachika fosfeti kwenye tairosini ya 416 iliyo kwenye kitanzi chake cha kuwasha, na hali hiyo inakuwa ya kudumu. Kimeng'enya chenyewe hakikupata uwezo mpya. Kilichopotea ni kujizuia.

Tahadhari moja ya kivitendo: 527 na 416 ni namba za Src ya kuku, na vitabu vingi bado huzitumia. Katika Src ya binadamu tairosini ya mkia ni ya 530 na ile ya kitanzi ni ya 419. Usipolinganisha mifuatano kwanza, unaweza kutengeneza mutesheni mahali pasipostahili.

Jeni moja, njia mbili za kuharibika

PI3K ndiyo mfano bora wa kuonyesha kwa nini jina la jeni halitoshi. Kimeng'enya hiki kina vipande viwili: p110 alfa, inayofanya kemia na kusimbwa na jeni PIK3CA, na p85, inayoishika na kuituliza. Kazi yake ni kuongeza fosfeti ya tatu kwenye lipidi PIP2 ya utando, ikawa PIP3.

SH2 ya kwanza ya p85 hukaa juu ya sehemu ya p110 iliyojaa misokoto, mahali ambapo p110 ina glutamati za nafasi ya 542 na 545 zenye chaji hasi. Kipokezi kinapopata fosfeti kwenye tairosini zake, SH2 hiyo inaiacha p110 na kwenda kushika kipokezi. Kimeng'enya kinafika kwenye utando kikiwa kimefunguliwa. Sasa angalia E545K: glutamati yenye chaji hasi imebadilishwa na lisini yenye chaji chanya. Chaji chanya zinasukumana na zile za SH2, na p85 haiwezi tena kukaa pale. Seli inaishi kana kwamba kipokezi kimewashwa.

H1047R iko kwenye jeni ileile na nayo hupatikana mara nyingi katika saratani ya matiti, lakini haimgusi p85 mahali pale. Imo mwishoni mwa kikoa cha kinasi, upande unaoelekea utando, na huifanya p110 ishikamane na lipidi kwa urahisi zaidi. Matokeo yanafanana, njia ni mbili. Dawa alpelisib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, huziba mfuko wa ATP wa p110 alfa na kwa hiyo hufanya kazi kwa zote mbili. Lakini haichagui kati ya p110 iliyoharibika na iliyo nzima. Insulini nayo hutumia p110 alfa hiyohiyo kuingiza sukari kwenye seli, ndiyo sababu sukari ya damu hupanda kwa wagonjwa wengi wanaoitumia na lazima ipimwe kabla na wakati wa matibabu.

PIP3 ikishatengenezwa huvuta kinasi AKT kwenye utando kupitia kikoa chake cha PH. AKT1 E17K imo ndani ya kikoa hicho. Tena ni glutamati kuwa lisini, na PH inaanza kushika hata PIP2, lipidi ambayo iko kwenye utando muda wote. AKT inakaa kwenye utando bila PI3K kufanya lolote. PTEN, fosfatasi inayoirudisha PIP3 kuwa PIP2, haiwezi kusaidia hapo, kwani kinachoshikwa si PIP3 pekee tena.

Kutoka kipokezi hadi RAS

Grb2 ni protini ndogo ya asidi amino 217: SH3, SH2, SH3, basi. Haina kemia yoyote. SH2 yake hushika kipokezi, SH3 zake hushika protini SOS, na SOS ikifika kwenye utando huitoa molekuli GDP kwenye RAS, protini inayofanya kazi kama swichi, ili molekuli GTP iingie na kuiwasha. RAS yenye GTP huwasha kinasi RAF, RAF huwasha kinasi MEK, MEK huwasha kinasi ERK.

RAS hujizima kwa kuivunja GTP, polepole sana ikiwa peke yake na kwa kasi kubwa ikisaidiwa na GAP, protini msaidizi ambayo huingiza arginini yake moja ndani ya mfuko wa RAS. Glisini ya nafasi ya 12 ndiyo inayoiachia arginini hiyo nafasi, kwa kuwa glisini haina tawi la pembeni. Ukiweka karibu asidi amino nyingine yoyote hapo, arginini haifiki vizuri. Ndiyo maana nafasi hiyo moja huonekana katika saratani nyingi ikiwa na herufi tofauti: G12D, G12V, G12C. Kati ya hizo, G12C ina sisteini ambayo dawa inaweza kujifunga nayo moja kwa moja, na sotorasib ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa kwa njia hiyo, mwaka 2021.

BRAF ni mojawapo ya RAF. Mutesheni yake V600E, inayopatikana katika takriban nusu ya melanoma (aina ya saratani) za ngozi, iko kwenye kitanzi cha kuwasha. Glutamati yenye chaji hasi inaigiza fosfeti, na BRAF inafanya kazi ikiwa moja moja bila kuhitaji RAS. Vemurafenib, iliyoidhinishwa mwaka 2011, huizima. Lakini katika seli yenye RAS iliyoharibika na BRAF nzima, dawa hiyohiyo huongeza ishara: ikikaa kwenye RAF moja, huifanya ishikane na RAF ya pili na kuiwasha. Baadhi ya wagonjwa walipata saratani nyingine za ngozi kwa sababu hiyo. Kuongeza dawa inayozuia MEK, iliyo chini ya RAF, hupunguza tatizo hilo. Hii ndiyo sababu dawa ya BRAF haitolewi kabla ya kipimo kuthibitisha mutesheni husika.

Kuupima mshiko kwenye maabara

Njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba SH2 fulani inahusika ni kuibadilisha ile arginini ya chini ya mfuko iwe lisini. Chaji inabaki chanya na kikoa kwa kawaida hujikunja sawasawa, lakini mshiko wa fosfeti hupotea kwa kiasi kikubwa. Ukifuta kikoa kizima hutajua kama umeondoa mshiko au umeharibu umbo la protini yote.

Makosa mengi hutokea kabla ya kipimo chenyewe. Fosfeti za tairosini hung'olewa ndani ya dakika chache seli zikishapasuliwa, kwa hiyo seli hupasuliwa juu ya barafu katika kimiminika chenye ortovanadati ya sodiamu, kemikali inayozuia fosfatasi, kwa kawaida milimola 1. Ortovanadati lazima iandaliwe kwa pH 10 na kuchemshwa hadi rangi ya njano ipotee. Rangi hiyo ni dalili kwamba molekuli zimekusanyika pamoja na hazizuii fosfatasi vizuri. Kisha usiichanganye na kemikali za EDTA au DTT nyingi, kwa maana zote mbili huondoa nguvu yake.

SH2 inayotumika kuvutia protini mara nyingi huunganishwa na GST, protini nyingine inayotumika kama mpini wa kuishikia. GST hujiunga mbilimbili, hivyo SH2 mbili huwa pamoja na mshiko huonekana wenye nguvu kuliko ulivyo. Kwa kuona nani anashika nani hilo halina shida. Kwa kupima nguvu ya mshiko, kata GST kwanza. Weka pia kipande linganishi chenye mfuatano uleule usio na fosfeti. Na unapotumia kingamwili inayotambua fosfeti kwenye utando wa kuhamishia protini, funika utando huo kwa albumini badala ya maziwa, kwa sababu kaseini ya maziwa ina fosfeti nyingi na huchafua picha.

Dawa zinazorudisha kufuli

Kuziba SH2 moja kwa moja kumekuwa kugumu. Molekuli inayoigiza tairosini yenye fosfeti hubeba chaji hasi mbili, hivyo haipenyi utando wa seli, na ikipenya fosfatasi huikata. Njia iliyoleta matunda ni nyingine: kuisaidia protini ijifunge yenyewe.

SHP2 ni fosfatasi yenye SH2 mbili, na SH2 ya kwanza huziba mdomo wa kimeng'enya hadi itakapopata tairosini yenye fosfeti. Mutesheni E76K hulegeza mshiko huo na huonekana katika leukemia ya watoto iitwayo JMML. Mwaka 2016 ilitangazwa molekuli SHP099, inayoingia katikati ya vikoa vitatu na kuvibandika pamoja. Inafanya kazi kwa SHP2 nzima iliyowashwa na vipokezi, lakini E76K huistahimili, kwa kuwa protini hiyo hukaa wazi muda mwingi na dawa haikuti mahali pa kuingia.

Mafanikio makubwa zaidi yako kwenye ABL. Kromosomu ya Philadelphia, iliyoripotiwa mwaka 1960, huunganisha jeni BCR na ABL1 na kusababisha leukemia sugu ya mieloidi. Muungano huo unaharibu mambo mawili kwa mpigo. Mwanzo wa BCR una kikoa kinachojisokota na wenzake na kukusanya molekuli nne pamoja, zikapachikana fosfeti. Na mwanzo wa ABL, uliokuwa na asidi ya mafuta iitwayo miristati inayoingia kwenye mfuko wa kinasi na kuwezesha SH2 na SH3 kuibana, umekatwa. Imatinib, iliyoidhinishwa mwaka 2001, huziba mfuko wa ATP kinasi ikiwa katika umbo lake lililozimwa. Mutesheni T315I huishinda: threonini iliyoshikana na dawa inaondoka, na isoleusini iliyo kubwa zaidi inaziba njia.

Asciminib, iliyoidhinishwa mwaka 2021, haigusi mfuko wa ATP kabisa. Inaingia kwenye mfuko wa miristati na kuirudisha ABL katika hali ya kujifunga, hata ile yenye T315I, ingawa kwa hiyo kipimo cha dawa lazima kiwe kikubwa zaidi. Ina mutesheni zake za kuikwepa, kama A337V na P465S, zilizo ndani ya mfuko wa miristati. Lakini hizo haziizuii nilotinib, dawa inayotumia mfuko wa ATP, na mutesheni nyingi za mfuko wa ATP haziizuii asciminib. Seli moja ingebidi ipate mutesheni za pande zote mbili kwa wakati mmoja, na katika panya waliopandikizwa seli za leukemia hiyo, dawa hizo mbili zilipotolewa pamoja uvimbe uliisha na haukurudi hata baada ya matibabu kusimamishwa.